Ndege wa Shengena Ni wa Ukoo Gani?

Mwanafunzi wa sekondari yoyote nchini aweza kutaja ngazi saba za uainishaji wa viumbe bila kusita: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. Huzitaja kwa mfuatano, hupewa alama zake, na baada ya mtihani huziacha ubaoni pamoja na chaki. Ni nadra sana aulizwe swali lenyewe lililozaa ngazi hizo, yaani nani ni ndugu wa nani, na undugu huo wathibitishwaje. Matokeo yake ni kwamba vijana wengi humaliza masomo wakiamini kuwa uainishaji ni orodha iliyokwisha andikwa zamani na watu wa mbali, na kwamba kazi ya mwanafunzi ni kuikariri tu. Imani hiyo ni potofu, na upotofu wake huonekana waziwazi katika wilaya ya Same kuliko mahali pengi.

Mji wa Same umekaa katika nyanda kavu zilizo magharibi ya Milima ya Upare Kusini, nchi ya migunga, mibuyu na vumbi jekundu. Mvua itokayo Bahari ya Hindi huangushwa zaidi upande wa mashariki na juu milimani, na mawingu yafikapo Same huwa yamekwisha mwaga mzigo wake. Lakini nyuma ya mji milima hupanda ghafla, na mtu apandaye kuelekea Chome huacha joto nyuma yake hatua kwa hatua, mpaka afikie baridi, ukungu na miti mikubwa ya mkulo. Kilele cha Shengena kina kimo cha mita 2,462 kutoka usawa wa bahari, na msitu wa Chome unaokizunguka una eneo la zaidi ya hekta 14,000. Humo huishi ndege mdogo aitwaye kinengenenge, ambaye hajapata kuonekana akiishi mahali pengine popote duniani isipokuwa katika milima hiyo ya Upare Kusini.

Si ndege wa kushtua macho. Ana uzito wa gramu kumi hivi, mgongo wa rangi ya kijani, kifua na ubavu wa kijivu, na kuzunguka jicho ana pete ya manyoya meupe, mithili ya mzee aliyevaa miwani. Pete hiyo ndiyo iliyoipa jenasi nzima jina la Zosterops, neno lililoundwa kutokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya mshipi na jicho. Vinengenenge huenda kwa makundi, wakiitana kwa sauti nyembamba bila kukoma, wakichokoa wadudu majanini, wakila matunda madogo na kunywa utamu wa maua. Kiota chao ni kikombe kidogo kinachoning'inizwa katika panda la kijitawi na kushikizwa kwa utando wa buibui. Jamaa zao wamo katika sehemu nyingi za Afrika, Asia na visiwa vya bahari za Hindi na Pasifiki.

Kinengenenge ni mmoja wa ndege watuaji, yaani oda ya Passeriformes, ambayo peke yake ina spishi zaidi ya 6,000, wengi kuliko oda nyingine zote za ndege zikijumlishwa. Shomoro, kunguru, mbayuwayu, chozi na kurumbiza wote wamo humo. Alama yao iko mguuni: vidole vitatu huelekea mbele na kimoja nyuma, na ndege anapochutama juu ya tawi kano za mguu hukaza vidole hivyo vikashika bila yeye kujitaabisha, hata awapo usingizini. Alama ya mguu yatosha kumweka ndege katika oda. Haitoshi kabisa kueleza familia yake, na hapo ndipo ugumu huanza.

Kwa muda mrefu vinengenenge waliwekwa karibu na chozi, kwa kuwa ncha ya ulimi wao ina nyuzinyuzi kama burashi za kufyonzea utamu wa maua. Hoja hiyo ilionekana ya nguvu. Lakini uchunguzi wa chembe za urithi, ulioenea tangu miaka ya mwisho ya karne ya 20, umeonyesha kuwa ndugu zao wa karibu ni ndege fulani wa misitu ya Asia, jamaa wa mbali wa zogoyogo, wale wenye kelele ambao kila mtoto wa nyikani huwafahamu. Ulimi wa burashi ulitokea kwa chozi kivyake na kwa kinengenenge kivyake, kwa sababu wote wawili hutafuta chakula cha aina moja katika maua. Mwaka 2009 Robert Moyle na wenzake walionyesha tena kwamba vinengenenge wa jenasi ya Zosterops wamezaa spishi mpya kwa kasi ambayo viumbe wachache wenye uti wa mgongo wameifikia, na kwamba utawanyiko wao wote, kutoka Afrika hadi Pasifiki, ni wa miaka milioni mbili hivi iliyopita. Kwa hesabu za jiolojia hiyo ni jana. Volkano ya Kilimanjaro, ambayo ni changa mno ikilinganishwa na miamba ya Upare, inakadiriwa ilianza kulipuka yapata miaka milioni 2.5 iliyopita.

Ndege wa Upare Kusini alipewa jina la kisayansi katika miaka ya 1930. Wakati huo alikuwako katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki, Mwingereza mmoja aitwaye Reginald Moreau, aliyefika huko mwaka 1928. Kazi aliyoajiriwa haikuwa ya ndege, lakini yeye na mkewe Winifred, pamoja na wasaidizi Waafrika waliojua misitu kuliko wao, waliigeuza Amani kuwa mahali muhimu pa elimu ya ndege wa Afrika. William Sclater wa Jumba la Makumbusho la Uingereza alimpa kinengenenge wa Upare jina la Zosterops winifredae kwa heshima ya bibi huyo. (Kwa sadfa ya kupendeza, jina la ukoo wa Winifred kabla ya kuolewa lilikuwa Bird, yaani Ndege.) Wale wasaidizi waliopanda milima hawakupewa sehemu kubwa katika majina hayo, na jambo hilo lafaa kukumbukwa kila jina la Kilatini linapoandikwa ubaoni.

Hivyo alianza maisha yake ya vitabuni akiwa spishi kamili. Hakudumu katika cheo hicho. Katika milima mingine ya Afrika Mashariki walikuwako vinengenenge wengine wa msituni: yule wa Taita, ng'ambo ya nyika za Mkomazi na Tsavo, yule wa Kilimanjaro na Meru, yule wa nyanda za juu za Kenya, yule wa mlima Kulal karibu na ziwa Turkana, na wengine katika nyanda za juu za Uhabeshi. Wote ni wakubwa kidogo kuliko wale wa nyikani, na wote hukaa katika baridi. Wataalamu waliokuwa wakipima ngozi zilizokaushwa waliona ni rahisi kuwakusanya pamoja, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 ikawa desturi kuwahesabu wote kuwa spishi moja, Zosterops poliogastrus, huku ndege wa kila mlima akipewa cheo cha nususpishi tu. Moreau mwenyewe aliwashughulikia ndege hawa kwa miaka mingi, na mwaka 1957 alitoa kazi kubwa juu ya mabadiliko ya umbo na rangi katika familia hiyo.

Nadharia iliyokuwa nyuma ya mkusanyo huo ilipendeza akili. Ilisemwa kwamba zamani, hali ya hewa ilipokuwa baridi na yenye unyevu, msitu ulishuka mabondeni na ndege mmoja akaenea pote. Nchi ilipokauka, msitu ulirudi vileleni, na ndege akarudi nao, akakatika vipande vipande kama maji yabakiavyo katika vidimbwi baada ya mto kukauka. Kwa hiyo ndege wa Shengena na ndege wa Taita wangekuwa mabaki ya kidimbwi kimoja. Nadharia hii ingali ikifundishwa, nayo yafaa kwa baadhi ya viumbe wa milima ya Tao la Mashariki. Shida ni kwamba iliaminiwa kwa kinengenenge kabla ya kupimwa.

Hata kwa macho matupu palikuwa na dalili za kutia shaka, na dalili kubwa kuliko zote iko mlangoni pa Same. Milima ya Upare ni makundi mawili: ya Kaskazini, yenye misitu kama Kindoroko juu ya Usangi, na ya Kusini, yenye Chome. Kati yake kuna nchi ya chini iliyo kavu, na abiria wa basi kutoka Same hadi Mwanga huivuka kabla hajamaliza mazungumzo na jirani yake. Ndege mwenye mabawa, mtu angetarajia, asingeona shida. Lakini kinengenenge wa Upare Kaskazini ana tumbo la manjano na pete pana ya jicho, naye hulingana na wale wa nyanda za juu za Mbulu, mbali huko magharibi. Yule wa Upare Kusini ana kijivu mahali pa manjano. Wawili hawa wametazamana kwa muda usiohesabika juu ya nyika moja. Nao waliwekwa chini ya jina moja la poliogastrus, ambalo kwa Kigiriki maana yake ni mwenye tumbo la kijivu. Ndege wa tumbo la manjano kuitwa mwenye tumbo la kijivu kwa miongo kadhaa, na wanafunzi kuambiwa waliandike hivyo, ni jambo lililostahili kuulizwa mapema zaidi.

Mwaka 2014 Cox na wenzake walichapisha katika jarida la Molecular Ecology uchunguzi wa chembe za urithi uliohusu takriban aina 140 za vinengenenge, wakitilia mkazo wale wa milima ya Afrika Mashariki. Walitumia njia ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne aweza kuielewa. Herufi za urithi hunakiliwa kutoka mzazi hadi mtoto, na katika kunakili makosa madogo hutokea. Makosa hayo hurithiwa. Viumbe wawili wanaoshiriki makosa mengi yaleyale wana mzazi wa karibu. Wanaoshiriki machache waliachana zamani. Ni kama mwalimu anayesahihisha karatasi thelathini: wanafunzi wawili waliopatia jibu hawajathibitisha lolote, lakini wakiwa na kosa lilelile, katika neno lilelile, mwalimu hujua kuwa karatasi hizo zina asili moja.

Jibu lililotoka lilibomoa mkusanyo wa zamani. Vinengenenge wa milimani hawakuonekana kuwa ukoo mmoja hata kidogo. Ndege wa mlima mmoja mara nyingi walikuwa karibu zaidi na ndege wa nyikani au wa makazi mengine kabisa kuliko walivyokuwa karibu na wenzao wa mlima wa jirani. Maana yake ni kwamba kuhama kutoka nchi ya chini hadi msitu wa juu, au kinyume chake, kulitokea mara nyingi, kwa nyakati mbalimbali na kutoka koo mbalimbali, na kila ukoo uliofika juu ukajipatia umbo linalofanana na la wengine kwa sababu ulikuta baridi ileile na msitu wa namna ileile. Utawanyiko wote wa Afrika ulikadiriwa kuwa wa kati ya miaka milioni 1 na 2.5 iliyopita, wakati ambapo hali ya hewa ilikuwa ikibadilika-badilika sana. Mwaka 2017 Pearson na Turner, wakiandika katika jarida la Scopus la ndege wa Afrika Mashariki, walipendekeza kuwapanga upya ndege hao, na mwaka 2020 Martins na wenzake walipanua uchunguzi hadi sehemu kubwa ya bara na visiwa vyake. Kinengenenge wa Upare Kusini akarudishiwa cheo cha spishi alichokuwa nacho mwanzoni. Yule wa Taita, yule wa Mbulu na yule wa Kilimanjaro nao wakapewa vyao.

Kwa watu wa Upare hoja hii haipaswi kuwa ngeni. Historia ya Upare, kama ilivyokusanywa na Profesa Isaria Kimambo katika kitabu chake cha mwaka 1969, ni historia ya koo. Washana walikuwa wahunzi mashuhuri wa Ugweno, na walitawala kabla Wasuya hawajachukua madaraka. Lakini hakuna mzee wa Kipare ambaye angekubali kwamba kila afuaye chuma ni Mshana. Kazi ni kazi, na ukoo ni ukoo. Mtu huweza kujifunza uhunzi, hawezi kujifunza kuzaliwa. Waainishaji wa kale waliona ndege watano wenye kazi moja ya kuishi msituni penye baridi, wakahitimisha kuwa ni wa ukoo mmoja. Mzee yeyote wa Usangi angewauliza: baba yao ni nani?

Ipo pingamizi ambayo wanafunzi werevu hawana budi kuitoa, na mwalimu asiikwepe. Kitabu chasema spishi ni kundi la viumbe wanaoweza kuzaliana wao kwa wao, kama Ernst Mayr alivyoeleza mwaka 1942. Je, ndege wa Shengena na ndege wa Kindoroko wakikutana hawatazaliana? Hapa kipimo cha kitabu hukwama, kwa sababu ndege hao hawakutani. Kuwatia kizimba kimoja kusingethibitisha kitu, maana viumbe wengi huzaliana kizimbani ambao porini hata hawasalimiani. Hivyo mwainishaji hana budi kutoa hukumu kutokana na ushahidi wa kando: rangi, vipimo, sauti, urithi, muda wa kuachana. Hukumu hiyo yaweza kukatiwa rufaa. Hata herufi za urithi zenyewe zaweza kupotosha, kwa kuwa sehemu ya urithi hupitia kwa mama peke yake, na koo mbili zikiwahi kuchanganyika zamani, sehemu hiyo itasimulia nusu tu ya habari. Mwalimu anayewaambia wanafunzi kuwa uchunguzi wa mwaka 2014 au 2020 ndio neno la mwisho atakuwa amebadilisha orodha moja ya kukariri kwa nyingine.

Wengine husema kwamba mabishano haya ni starehe ya wataalamu wenye nafasi, na kwamba kumwita ndege spishi au nususpishi hakumpunguzii mkulima wa Mbaga shida hata moja. Usemi huo una ukweli wake, lakini hauoni athari ya orodha katika maamuzi. Ndege wa Shengena alipokuwa nususpishi, mtu aliyefungua kitabu aliona spishi iliyoenea kutoka Uhabeshi hadi kaskazini ya Tanzania. Spishi ya namna hiyo haimpi mtu wasiwasi. Msitu wa Chome ungeweza kuteketea wote, na hesabu ya spishi za dunia isingepungua hata moja. Alipohesabiwa kuwa spishi, mambo yaligeuka: dunia yake yote ni milima ya wilaya moja, na katika orodha za kimataifa amewekwa miongoni mwa ndege ambao kuwapo kwao kunatishiwa na kupungua kwa makazi. Hakubadilika yeye hata unyoya mmoja. Kilichobadilika ni mstari katika daftari, na mstari huo huamua fedha za uhifadhi ziende wapi na nani aulizwe msitu ukiungua.

Na msitu huo umeteseka. Mkulo wa Chome umekatwa kwa magendo kwa miaka mingi, kwa kuwa mbao zake ni ngumu na zina soko, na moto wa kiangazi umeharibu sehemu za juu. Leo Chome ni Hifadhi ya Mazingira Asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, hadhi iliyo ya juu kuliko ile ya msitu wa hifadhi wa kawaida. Huko Taita, upande wa pili wa mpaka, misitu ya mlimani imebaki vipande vidogo kama Ngangao, Mbololo na Chawia, na ndege wa huko ametia hofu zaidi. Upare Kusini ina bahati ya kuwa bado na kipande kimoja kikubwa.

Hapa pana jambo ambalo wahifadhi wenye shauku hawapendi kulisikia. Ikiwa ulinzi wa msitu utaegemezwa juu ya cheo cha ndege, basi siku cheo kitakaposhushwa tena ulinzi nao utashuka. Kinengenenge wa Upare Kusini amekwisha pandishwa, akashushwa, akapandishwa tena katika muda usiozidi maisha ya mtu mmoja. Hakuna ajuaye waainishaji wa mwaka 2080 watasema nini. Sababu za kuulinda Chome hazina budi kuwa pana kuliko jina moja. Mojawapo ni maji. Ndiva za Upare, yale mabwawa madogo ambayo wakulima wamekuwa wakikusanyia maji ya vijito usiku ili wamwagilie mchana, hazina maana kijito kikikauka. Nyingine ni historia ya ukoo wa ndege wenyewe, iwe umeitwa spishi au la: mstari wa urithi uliojitenga katika mlima mmoja hauwezi kurudishwa ukikatika, na hilo ni kweli chini ya jina lolote lile. Wazee walioweka misitu mitakatifu ya koo, ile iitwayo mpungi, na kuizuia isiguswe kwa shoka, hawakungoja mtu yeyote awaainishie kilichomo ndani yake.

Ama kuhusu shule, lipo pengo linalohitaji kusemwa bila kuficha. Vielelezo vingi vya kale vya ndege wa Upare viko Ulaya, na herufi za urithi zilisomwa katika maabara za nje. Kazi ilifanywa vizuri, na si haki kuidharau kwa sababu ya mahali ilipofanyiwa. Lakini mwanafunzi wa Same anayesoma uainishaji kwa mfano wa ndege wa visiwa vya Galapagos, umbali wa nusu ya dunia, hali juu ya paa la darasa lake kuna mfano ulio hai, amenyimwa haki yake. Ndege wale wa Galapagos ni mfano mwema, na Charles Darwin alistahili sifa zake. Ila hakuna mwanafunzi wa Same atakayewaona kwa macho yake kabla ya mtihani. Kinengenenge aweza kumwona Jumamosi.

Wala si lazima kuwa na maabara. Wala haifai kukamata ndege, jambo ambalo huhitaji kibali na mafunzo. Daftari, kalamu na macho vyatosha kwa mwanzo, na darubini ya mkono ikipatikana ni heri. Katika vichaka vya nyika kuanzia Same hadi Mkomazi yupo kinengenenge mwingine, Zosterops flavilateralis, mwenye tumbo la manjano na pete nyembamba ya jicho. Mwanafunzi wa shule ya bondeni aweza kumchora huyo: rangi ya koo, ya kifua na ya ubavu, upana wa pete, mti aliokuwa juu yake, chakula alichokuwa akila, saa na tarehe. Mwenzake wa shule ya Chome au Suji amchore yule wa mlimani kwa utaratibu uleule, akiandika na kimo cha mahali. Wa tatu awe Usangi. Madaftari matatu yakiletwa pamoja, darasa litakuwa na data zake lenyewe, nalo litaweza kujiuliza kama ndege wa juu na wa chini hukaribiana, na katika kimo gani mmoja hukoma na mwingine huanza.

Swali hilo la mwisho si la kitoto. Katika miezi ya baridi, kuanzia Juni hadi Agosti, ndege wengi wa milimani Afrika Mashariki hushuka chini kutafuta chakula. Kinengenenge wa Shengena akishuka hadi mashambani wakati huo, atakaribia mipaka ya yule wa nyikani, na hapo kile kipimo cha Mayr kilichokwama kitapata mahali pa kushika. Jambo hilo halihitaji ndege ya kwenda London. Lahitaji watu waliopo mahali hapo mwaka mzima, Juni hadi Juni, wanaopita kila asubuhi katika migomba na mibuni ya mteremko uleule, na watu hao ni wanafunzi waendao shuleni kwa miguu.